Uzoefu wangu na bastola nyembamba ya kubeba kiunoni, na duka lililoniuzia

Naanza na hukumu ili asiyetaka maneno mengi aondoke nayo mapema. Hizi bastola ndogo nyembamba, zile ambazo risasi zinakaa mstari mmoja kwenye magazini (kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini), ndio ngumu kuliko zote kwa mtu anayeanza. Ngumu kukoki, yaani kuvuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu, ili risasi iingie, ngumu kushika, zinarusha mkono. Na muuzaji anayemwambia mwanamke "hii ndogo ndio saizi yako" ama hajui kazi yake ama anataka umpishe haraka ahudumie wengine. Anayetaka kujua kwa nini nimechafukwa roho namna hii aendelee kusoma.

Nina saluni ya kusuka hapa Houston, Texas. Tunafunga usiku, keshi ipo, parking ya jengo letu taa nusu haziwaki tangu tuhamie na mwenye jengo kila ukimpigia anakwambia fundi yuko njiani. Jirani yetu wa duka la simu alishawekewa bunduki kichwani akiwa anafunga mlango wake. Kwa hiyo mnaotaka kuniuliza dada bastola ya nini, naomba muniache kwanza, hilo tutabishana siku nyingine. Sheria ya Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 ni kwamba mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hana kosa linalomzuia anabeba bastola bila kibali, na mwenye green card ananunua dukani kama raia, unajaza fomu ya serikali ya kununulia silaha, ile 4473, unakaguliwa kwenye mfumo wa FBI, ukipita unapewa mzigo wako. Mi hata hivyo baadaye nilikwenda kuchukua kile kibali chao cha kubeba bastola, LTC, maana kwa ngozi hii na lafudhi hii sitaki polisi akinisimamisha barabarani usiku aanze kunifikiria, nataka karatasi yangu mkononi.

Sasa kwa nini nilitaka nyembamba. Msusi anasimama kutwa, mteja amekaa kiti cha chini mbele yako, ukifika kwenye kisogo anaegemeza kichwa hapa hapa tumboni kwako, mwingine anasinzia kabisa, ndio kazi ilivyo. Ukibeba bastola nene ya magazini ya safu mbili, mteja atagonga kichwa kwenye chuma na siku hiyo umempoteza yeye na ndugu zake wote. Nilijaribu nyumbani na ile kubwa ya mume wangu, haina risasi, tumeikagua wote wawili, nikainama kana kwamba nasuka, mpini ukatokeza nundu nyuma ya aproni hata mtoto angeuliza ni nini. Kwa hiyo natoka nyumbani nilikuwa najua ninachokwenda kununua: nyembamba, ya risasi za milimita 9, ikae nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, ndani ya holsta ngumu inayofunika triga yote. Nilikuwa najua! Hilo nataka mlishike vizuri kwa sababu ya haya yanayofuata.

Duka silitaji jina. Ni kubwa, renji ya kupigia shabaha iko nyuma hapo hapo. Nimefika na mume wangu, nikasimama kaunta, nikasalimia, nikasema naomba kuona bastola nyembamba za kubeba. Yule kaka akamtazama mume wangu, akamuuliza yeye, "Anatafuta nini huyu?" Mume wangu akamwambia si umuulize mwenyewe, amekusemesha. Akanitupia jicho, akageuka tena kwa mume wangu, "Amewahi kushika silaha?" Jamani. Niko mbele yake, kaunta ile upana wake haufiki mita moja, nimekuja na hela niliyoitafuta kwa vidole vyangu mwenyewe, halafu najadiliwa mbele ya macho yangu utafikiri sina mdomo. Nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, naomba nione Glock 43 na Shield, bastola mbili nyembamba zinazojulikana. Akasema Glock iliyoko kwenye kioo imeshalipiwa, Shield wameishiwa, na isitoshe hizo "zitakusumbua". Akaenda nyuma, akarudi na kibastola cha kampuni nyingine kinachoishia kiganjani, mpini wa pinki. Nani aliomba pinki? "Wanawake wanaipenda hii, nyepesi sana."

Nyepesi ndio tatizo lenyewe! Uzito wa bastola ndio unaomeza lile teke la risasi, ikiwa nyepesi teke lote linakuja kwako. Na slaidi ikiwa fupi na nyepesi inabidi springi yake iwe kali ndio iizuie, ndio maana kukoki kile kidogo kunataka nguvu kuliko kukoki bastola kubwa ya polisi. Na mpini ukiwa mfupi kidole kidogo hakina pa kushika, kinabaki kinaning'inia, kwa hiyo unashikilia kwa vidole viwili kitu kinachotaka kuruka. Huyu mtu anauza silaha, haya anayajua, au anatakiwa awe ameyajua kabla hajavaa ile fulana ya duka. Akachagua kunipa iliyo ngumu kuliko zote pale ndani kwa sababu imepakwa rangi.

Nikachukua ya aina hiyo hiyo lakini nyeusi, kwa maneno yake kwamba nyembamba nyingine hawana. Wakati wa fomu akaniomba green card yangu, sawa, hiyo ni haki yake maana namba inaandikwa pale, lakini ile kuigeuza geuza na kuishika juu kwenye taa mbele ya foleni ya watu, hiyo haipo kwenye fomu yoyote. Majibu ya ukaguzi yalirudi hata sijamaliza kusoma bango la ukutani. Nikalipa, nikapewa boksi, hakuna aliyeniambia asante.

Wiki hiyo hiyo nimerudi renji kujaribu. Magazini ya kwanza ikaenda. Ya pili nikapiga, nikavuta triga tena, kimya. Natazama juu, ganda la shaba limesimama wima kwenye tundu la kutokea, slaidi imelibana katikati, moshi kidogo unatoka. Nikaelekeza mtutu kwenye shabaha, nikatoa magazini, nikavuta slaidi, ganda likadondoka. Nikaendelea. Likasimama lingine. Na lingine. Yaani nilikuwa sipigi shabaha tena, nimekuwa fundi wa kuchomoa maganda. Na pale ukutani mwa renji, kwenye orodha ya bastola za kukodi, nani naona? Glock 43. Shield. Zote zipo, unakodi kwa hela ndogo, unapiga, unajua mkono wako unataka nini kabla hujanunua. Zilikuwepo siku ile yule kaka ananiambia hamna kitu. Angeweza kusema neno moja tu, dada pita nyuma ujaribu. Hakusema.

Nikaenda kaunta na malalamiko yangu. Ni yule yule. Hajaigusa bastola, hajaitazama, akasema, "Ni mikono yako. Mikono laini, unalegeza kifundo."

Hapo ndipo nilipochafuka kweli. Mikono laini, mimi? Mikono hii inasuka knotless kutoka asubuhi mpaka jua linazama, inavuta nywele zilizokataa chanuo, inabana mamia ya rasta kwenye kichwa kimoja bila mteja kusikia kaumwa. Muulize yeyote anayesuka vidole vyake na viganja vyake vina nguvu gani. Ni kweli, kulegeza kifundo cha mkono kunasababisha bastola ikwame, sikatai, slaidi inahitaji kitu imara nyuma yake ndio ikamilishe safari yake, na bastola ndogo ndio zinadai zaidi. Lakini mtu anayetaka kujua kama tatizo ni mkono au chuma anapiga yeye mwenyewe risasi chache aone. Hakupiga. Alinitazama akaamua.

Kuna mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, nywele nyeupe pee, anafundisha wanawake hapo renji mwishoni mwa wiki. Alikuwa anasikia. Akaniomba bastola, akaikagua haina kitu, akajaza risasi zake, tena za kampuni nyingine ili isije ikawa ni risasi, akapiga. Ikakwama. Akabadili mkono, ikakwama. Akachukua kitochi akamulika ndani ya slaidi, akanionyesha kile kindoano kinachovuta ganda kutoka chemba, ukingo wake umemeguka. Kamegukia kiwandani hako, akasema, hakuna mkono wa mtu unaoweza kufanya hivi. Nilitaka kumkumbatia pale pale. Huyu mama ndiye anayestahili nyota zote tano, na nyota za duka wampe yeye.

Na ndiye aliyenifundisha kukoki vizuri, mnaohangaika nalo chukueni: usivute slaidi kwa vidole viwili, ishike kwa kiganja chote kutoka juu, nyuma ya tundu la ganda, bastola ikae karibu na kifua mtutu ukielekea kwenye shabaha, halafu mkono wenye mpini ndio usukume kwenda mbele kwa nguvu ya bega. Ghafla springi ile ile inakuwa rahisi. Akaniambia pia ninunue kile kidude cha plastiki cha kujazia risasi kwenye magazini, maana springi ya magazini inakula ncha za vidole na mimi kesho yake nina kichwa cha kusuka. Bei yake haifiki ya rasta za mtu mmoja. Sijutii hata senti.

Duka wakasema ikishatoka mlangoni hawarudishi, niandikie kiwanda. Nikaandika nikiwa na hasira za kwao wote, na hapa inabidi niseme ukweli hata kama unaharibu hasira zangu: kiwandani walinijibu vizuri, kwa jina langu, wakalipa wenyewe usafirishaji, wakabadilisha kindoano na springi, ikarudi baada ya majuma kadhaa. Tangu irudi haijakwama. Nimeipiga sana, risasi za bei rahisi, za bei mbaya, haijakwama. Mtihani wa LTC nimefanya nayo, ni risasi 50, kutoka yadi 3, yadi 7 na yadi 15, unatakiwa upate pointi 175 kati ya 250, na nilipita vizuri sana mpaka wanaume wa pembeni wakageuka kutazama karatasi yangu. Na kiunoni? Haionekani. Mteja amelala tumboni kwangu saa nzima hajui kitu. Kwa hiyo ile hukumu yangu ya juu, ngumu kwa anayeanza, bado naisimamia, ila sijasema ni bastola mbaya. Kwa kazi yangu mimi wembamba ule hauna mbadala. Wanaoniambia nyembamba zimepitwa na wakati tangu kampuni ya Sig walipoleta bastola yao ya P365 mwaka 2018 ikabeba risasi 10 kwenye mwili mdogo vile vile, nimeipiga, ni nzuri, sina neno. Lakini wanaosema hivyo wengi wanabeba chini ya koti, hawana kichwa cha mtu kwenye mbavu zao kutwa.

Kwa mwanamke anayeanza leo ambaye kukoki kunamshinda, akodi kwanza ile Shield EZ ya Smith & Wesson. Ni ya mstari mmoja pia, ndefu kidogo, lakini slaidi yake inavutika mpaka nilidhani haina springi, na magazini ina kibonyezo pembeni cha kushushia springi wakati wa kujaza. Ya milimita 9 ilitoka 2020. Ila ukinunua iliyokwisha tumika angalia namba yake kwenye tovuti yao, maana zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba 2020 kampuni yenyewe iliziita zirudi kukaguliwa nyundo. Mi nilipoishika nikasikia uchungu upya, kwa sababu hii nayo ilikuwepo kwenye orodha ya kukodi siku ile. Ilikuwepo!

Ndio maana kila nikiikoki ile yangu, hata sasa ambapo inafanya kazi, namwona yule kaka anageuka kwa mume wangu. Siwezi. Ni bastola nzuri na siipendi. Nimewapelekea hao hao duka waninunulie, wakanipa bei ambayo ni chini ya nusu ya niliyotoa, na aliyeipanga bei ni yeye yeye, safari hii alinitazama mimi usoni bila kumtafuta mwanaume wa kumuuliza. Nimekataa. Iko nyumbani kwenye sanduku la kufuli mpaka nipate mnunuzi wa maana, tukaandikishane kwenye duka jingine lenye leseni, na mimi kiunoni nishaweka EZ, mpini wake mrefu nimeufichia kwa aproni mpya iliyoshonwa pana.