Kulanti ya kununua kabla ya joto la kaskazi: ipi ya kwanza, ipi ya kuepuka

Kati ya Desemba na Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, mchana wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na juu ya lami kwenye foleni joto huzidi hapo. Gari lililovumilia maji matupu mwezi Julai ndipo linaanza kuchemsha: AC imewashwa, gari halisogei, na hewa pekee inayopita kwenye rejeta ni ya feni. Wengi hukimbilia duka la spea kutafuta kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, na kuomba "ile ya pinki" au "ile ya kijani". Rangi haina kazi yoyote ndani ya injini. Ni alama tu, na kila kiwanda huchagua yake. Unachonunua ni vitu vitatu: kiasi cha glaikoli (kimiminika kinachopandisha kiwango cha kuchemka), aina ya vizuia kutu, na maji yaliyomo. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoharibu rejeta nyingi za pwani.

Maji matupu huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari. Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu, huchemka nyuzi 94 hivi. Ukichanganya nusu maji na nusu ethilini glaikoli, kiwango hupanda hadi karibu 107, na ukifunga mfuniko wa rejeta wa shinikizo la bar 1.1 hivi, kinakaribia 129. Ni kweli kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko huo, na fundi anayesema hivyo hajakosea. Tatizo ni kwamba yakichemka, mapovu ya mvuke hukaa kwenye kuta za vyumba vya moto, alumini ya silinda hedi inakosa kupozwa mahali hapo, hedi inapinda na gasketi inaungua. Isitoshe, maji hayana kinga ya kutu.

Nafasi ya kwanza: kulanti iliyokwisha kuchanganywa, ya aina inayotakiwa na gari lako

Hii ndiyo tunayompendekezea mwenye gari wa kawaida, hasa asiyesimama karibu na fundi wakati wa kazi. Kwenye chupa utaona "50/50" au "Ready to Use". Sababu ya kuiweka juu ni moja: hakuna atakayeongeza maji ya ndoo.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, aina hiyo ni Super Long Life Coolant ya pinki. Kiwanda kinasema ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Kwa gari la mtumba usiitegemee hesabu hiyo, kwa sababu hujui aliyetangulia alijaza nini. Badilisha yote mara moja, uanze kuhesabu upya. Honda wana Type 2 ya bluu, nayo imechanganywa tayari.

Si lazima chupa iwe na nembo ya kiwanda cha gari. Kulanti ya kampuni nyingine yenye sifa inafaa kama kemia yake inalingana. Magari ya Kijapani hutaka kulanti ambayo kizuia kutu chake ni fosfeti, isiyo na silikati wala borati, ambazo ni vizuia kutu vya aina nyingine. Ya Kijerumani ni kinyume: BMW na Mercedes-Benz kwa miaka mingi zimetumia kulanti yenye silikati na isiyo na fosfeti, ya kundi la G48, na Volkswagen wana mfululizo wao wa G12 na G13. Tofauti hiyo ina chanzo: maji ya sehemu nyingi za Ulaya ni magumu, na fosfeti ikikutana na kalsiamu hutengeneza magamba. Sasa fikiria Toyota ya Dar es Salaam iliyojazwa kulanti yenye fosfeti pamoja na maji ya kisima chenye chumvi. Magamba yaleyale hujijenga ndani ya mirija ya rejeta, na kloridi ya chumvi inaitafuna alumini.

Kwenye lebo tafuta JIS K 2234 kwa viwango vya Japani, au ASTM D3306, kiwango cha Marekani, kwa magari madogo, pamoja na alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya. Mwenye lori la dizeli aulizie ASTM D6210, kwa kuwa injini nyingi za malori zina silinda za kuchomeka zinazoguswa na maji, na kulanti ya gari dogo haizilindi dhidi ya vitundu.

Nafasi ya pili: kulanti nzito ya kuchanganya mwenyewe

Kwa ubora ni sawa na ya kwanza, na kwa bei mara nyingi ni nafuu. Chupa ya lita 4 hutoa lita 8, kwa hiyo linganisha bei ya lita iliyo tayari, siyo bei ya chupa. Tumeishusha nafasi moja kwa sababu ya yanayotokea gereji: fundi anafungua bomba na kujaza. Ukinunua hii, nunua pamoja na maji yaliyokenekwa (distilled), yale yanayouzwa vituo vya mafuta ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa kwa makini, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri. Maji ya kunywa ya chupa yana madini; ni afadhali kuliko ya kisima, basi.

Kuna hali moja ambapo hii inaipita ile ya kwanza, nayo ni baada ya kusafisha mfumo kwa maji. Ukifungua koki ya rejeta, sehemu ya maji hubaki ndani ya bloku ya injini na kwenye hita. IST au Vitz ya injini ya 1NZ hubeba karibu lita 5, na lita moja au zaidi inaweza kubaki. Ukijaza iliyochanganywa tayari juu ya maji hayo, nusu kwa nusu yako inashuka hadi asilimia 40 au chini yake. Kwa kulanti nzito unamimina kwanza lita 2.5 kamili, kisha unamalizia na maji yaliyokenekwa. Usizidishe ukidhani nyingi ndiyo bora. Ikipita asilimia 60 upozaji unapungua, na ikishuka chini ya 30 kinga ya kutu inakuwa dhaifu.

Nafasi ya tatu: zile za "magari yote, rangi zote"

Zinafaa kuongezea unapokuwa safarini, na zinafaa kujaza mfumo mzima kama umeumwaga wote na hukupata aina yako. Hazistahili kumwagwa juu ya kulanti nzuri kama desturi. Vizuia kutu vya aina mbili vikikutana, mara nyingi hakitokei kitu cha kuonekana. Muda wa kinga ndio unaofupika. Mara nyingine mchanganyiko hutoa ute mzito unaoziba mirija. Ukiichagua hii, badilisha kila miaka miwili bila kujali ahadi ya lebo.

Nafasi ya nne: ya kijani ya zamani

Ina glaikoli halisi na silikati nyingi, kwa ajili ya injini za chuma na rejeta za shaba. Land Rover ya zamani au trekta inaikubali vizuri. Kwenye Toyota ya kisasa, silikati zinaweza kusugua sili ya wota pampu. Ibadilishwe kila miaka miwili.

Ya kuepuka: maji ya rangi

Hizi ndizo zinazouzwa zaidi kwa wenye haraka, kwa sababu ni rahisi na zinang'aa. Nyingi ni maji, rangi, na dawa kidogo ya kutu. Lebo haitaji glaikoli wala kiwango chochote, au inasema tu "maji ya rejeta". Ukinunua hii umenunua maji kwa bei ya juu. Kuna pia chupa za majina makubwa zilizojazwa upya mtaani, kwa hiyo angalia karatasi ya ndani ya kifuniko na namba ya toleo.

Njia ya kupima nyumbani ni friza. Mimina vijiko vichache vya kulanti kwenye chupa ndogo ya plastiki, usiijaze, funga vizuri, iandike SUMU, itie ndani ya mfuko wa pili na uiweke mbali na chakula usiku mzima kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu huganda karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi utaukuta bado unamiminika. Ukianza kuganda kama barafu laini, glaikoli ni karibu theluthi. Ukikuta jiwe, ni maji. Chupa hiyo itupwe, isitumiwe tena kwa lolote. Ethilini glaikoli ina utamu na inaua figo, na mtoto au mbwa akiikuta ataionja.

Maji ya bomba ndiyo ya mwisho kabisa kwenye orodha. Ukichemshiwa njiani pale Same au ukipanda Kitonga, jaza yoyote yanayopatikana, lakini baada ya injini kupoa kwa angalau dakika 30. Ukifika, ratibu kumwaga yote wiki hiyohiyo.

Cha kununua pamoja nayo

Mfuniko wa rejeta ni wa bei ndogo na ndio unaoshikilia shinikizo. Juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1. Nunua namba ileile iliyotakiwa na gari lako. Mpira ukikauka, shinikizo linapotea, na kulanti nzuri inachemka mapema ikimwagikia tenki la akiba. Kuweka wenye namba kubwa hakuponyi gari. Kunahamishia mzigo kwenye hozi na maungio ya plastiki ya rejeta.

Thamostati, ile vali inayofunguka injini ikipata moto, nayo irudishwe kama ilitolewa. Mtindo wa kuitoa "ili maji yazunguke" umeenea sana na unaumiza. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na kwenye joto kali sehemu ya maji haipozwi kabisa. Asubuhi injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta zaidi. Ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga. Dawa za kuziba uvujaji usinunue. Zinaziba tundu, na zinaziba mirija ya hita pia.

Kujaza

Injini iwe baridi kabisa. Fungua koki ya chini, kusanya kulanti yote kwenye beseni, usiimwage mtaroni. Ikitoka yenye kutu, jaza maji, washa mpaka hozi ya juu ipate moto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke masafi, na mzunguko wa mwisho utumie maji yaliyokenekwa. Mimina kulanti polepole ukiminya hozi kubwa ili hewa itoke. Weka hita kwenye moto wa mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri inavyoshuka, na funga mara tu mapovu yanapokoma. Kisha iache iendelee mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa iliyobaki ndiyo sababu ya gari kuchemsha siku moja baada ya "kutengenezwa".

Asubuhi inayofuata angalia tenki la akiba. Kiwango kiwe kati ya LOW na FULL. Kikishuka kidogo siku mbili za mwanzo ni hewa iliyotoka. Kikiendelea kushuka wiki nzima bila tone chini ya gari, angalia kama unaona moshi mweupe usioisha au mapovu kwenye tenki. Hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kupimwa, na kulanti ya chupa yoyote haitasaidia.