Hema la kukunja la 3 kwa 3: uzoefu wangu kwenye eneo la wazi la mtaa wetu

Haya mahema ya kukunja ya mita 3 kwa 3, yale wanayokaaga mawakala wa laini za simu, watu wananiuliza kama yanafaa. Mimi silitumii kwa biashara, ila limekula jua na mvua ya kutosha kwa hiyo nina la kusema.

Mtaani kwetu hapa Dar tuna eneo la wazi. Kwenye ramani ya mipango miji lipo kabisa, ila ukifika hapo ni vita tupu, magari ya watu ambao hata hawakai mtaa huu yamejaa toka asubuhi, kona moja kuna jirani kashashusha matofali, mama lishe wanataka kivuli, watoto wanataka chandimu, na kila mmoja anajiona ana haki kuliko mwenzie. Wenzangu kwenye kikundi chetu cha mtaa walitaka tujenge banda la mabati. Nikawaambia jamani mmeshasahau 2021, wamachinga walivyoondolewa barabarani vibanda vilivunjwa, ukichimbia nguzo tu ushampa mtu sababu ya kuja kubomoa, na huyo jirani wa matofali atasema mbona na nyie mmejenga? Kitu kinachokunjwa jioni utakibomoaje sasa. Tukachanga, tukaenda Kariakoo, laki mbili na kidogo, tukalirudisha kwa bajaji.

Kulifungua ni rahisi, watu wawili linasimama, wanne ndo vizuri zaidi maana kila mguu unapata mtu wake. Asubuhi wanakaa mama lishe, mchana watoto wakitoka shule ni lao, jioni wazee na drafti zao na kahawa. Kivuli kimoja zamu tatu, na ugomvi wa hapa ni wa mpaka kulia kidogo sijui kushoto kidogo, hema unalisogeza yanaisha. Ila kupikia chini yake tumekataza, kitambaa ni polyesta, cheche ya mkaa ikirukia panatoboka hapohapo.

Tatizo kubwa ni upepo. Kusi ikianza zile kamba na vigingi vya kwenye boksi ni mapambo tu, hasa kwenye mchanga wetu huu. Tunafunga dumu la lita 20 lililojaa maji kila mguu, yani kilo 20 kila kona, hapo linatulia. Mvua kubwa nayo inatuama juu kitambaa kinafanya tumbo, lazima mtu asukume na ufagio la sivyo vyuma vinapinda.

Na usiku likishakunjwa magari yanarudi! Hiyo ndo kasoro yake ambayo muuzaji hakwambii. Ikabidi fundi welding atutengenezee mabenchi yenye matairi, usiku tunayapanga ukingoni na kuyafunga mnyororo, magari yamepungua, na matofali ya jirani hayajaongezeka hata moja.

Dogo mmoja wa kikundi anasoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, ndo alitupa stori ya New York 2009, walivyofungia magari Broadway pale Times Square hawakusubiri ujenzi, waliweka viti vya kukunja vya bei chee watu wakae, watu wakajaa, ujenzi wa kudumu ukaja kukamilika miaka mingi baadae. Sawa bhana, ila kule jiji lenyewe ndo lilifunga barabara. Sisi mpaka leo kibali cha serikali ya mtaa ni cha mdomo.

Ukienda kununua usiangalie rangi, kagua viungo vya plastiki pale vyuma vinapokutana, ndo vinavyokufa mwanzo, na ung'ang'anie wakupe vya akiba. La 3 kwa 6 achana nalo kama eneo lako lina mgogoro, zito na linataka kijiji kulikunja, mgambo wakitokea mtabaki mnavutana na mabomba.