Garmin eTrex 32x kwa upande wa rangi za ramani: inavyofaa Tanga

Anayenunua GPS hii ya mkononi akitarajia kupaka ramani rangi anazotaka kwenye menyu hatazipata humo. Mipangilio ya mwonekano inagusa rangi za menyu, na kuchagua hali ya mchana, ya usiku, au kifaa kijibadilishe chenyewe. Barabara, bahari na msitu vinapata rangi kutoka faili la TYP, yaani faili la mitindo ya kuchora ramani, lililofungwa pamoja na ramani. Kwa mwenye kulitengeneza faili hilo, eTrex 32x ni kifaa bora.

Kioo chake ni cha inchi 2.2, nukta 240 kwa 320, na kinatumia mwanga wa jua: kwenye mashamba ya mkonge, saa sita mchana, kinasomeka vizuri bila taa. Shida ni kivulini. Ukizima taa kutunza betri zake mbili za AA, kijani hafifu na njano hafifu zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo rangi zijaribiwe kwenye kifaa chenyewe, chini ya miti, si kwenye kompyuta.

TYP huandikwa kama maandishi ya kawaida. Programu ya bure ya mkgmap, inayoendeshwa na Java, huliunganisha na ramani ya OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) likawa faili moja, gmapsupp.img, la kuwekwa kwenye folda ya Garmin ndani ya kadi ya microSD. Kila aina ya kitu kwenye ramani ina namba yake ya msimbo: kwa mtindo wa kawaida wa mkgmap, msitu ni 0x50, bahari 0x32, njia za mashambani 0x0a, vijia vya miguu 0x16.

Kwa Amani na Usambara yote, kazi kubwa iko kwenye mistari ya mwinuko (0x20 hadi 0x22). Ikiwa ya kahawia, na njia za mashambani nazo za kahawia, mlimani utaona utando tu. Mistari ya mwinuko ipewe kijivu #B0A898 (msimbo wa rangi), unene wa nukta 1. Njia ipewe #7A3300, nukta 3. Msitu ubaki mwepesi, #CDE8B5. Rangi za usiku ziandikwe kando, la sivyo msitu huohuo utaumiza macho gizani.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni FID, namba ya utambulisho wa ramani: iliyo kwenye TYP isipolingana na ya ramani, kifaa kinarudi kwenye rangi zake bila kutoa onyo lolote. La pili ni mpangilio wa uchoraji, orodha ndani ya TYP inayosema eneo lipi lichorwe juu ya lipi. Eneo lisilotajwa humo halichorwi kabisa, na likipewa ngazi ya chini kuliko jirani yake linafunikwa. Mikoko ya pwani ikipotea, angalia hapo kwanza: bahari iwe ngazi ya 1, mikoko juu yake. Mistari haihusiki, huchorwa juu ya maeneo daima.

Ukimaliza, zima ramani nyingine za eneo hilohilo kwenye mipangilio ya ramani, maana mbili zikiwaka pamoja moja huifunika nyenzake.