Kujitolea Masaki: nyota tatu, nauli juu yako

Nina miezi minne kwenye mpango mmoja wa vijana wa kujitolea huko Masaki, Dar es Salaam. Kila Jumamosi asubuhi tunaokota plastiki ufukweni Coco, mchana tunafundisha watoto kusoma.

Mafunzo yao nayasifu. Siku ya kwanza nilikalishwa mkekani na mtoto wa darasa la pili, nikaambiwa nisimsahihishe mpaka afike kwenye nukta. Kumbe kunyamaza nako ni kazi!

Shida nauli. Wanarudisha mwisho wa mwezi, tena kwa risiti. Konda gani wa daladala anatoa risiti? Mimi natokea Mbagala Rangi Tatu, magari mawili kwenda, mawili kurudi. Tulianza kumi na wanne, tumebaki sita, na watano kati yetu wanaletwa na gari la nyumbani. Halafu kikaoni tunaambiwa vijana wa uswahilini hawana moyo wa kujitolea. Jamani! Nimekulia Lushoto, msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitwa, bibi alikuwa wa kwanza kutoka na jembe, na cheti hakupewa.

Cheti chao kina muhuri, lakini. Ukiwa na nauli ya mwezi mzima mfukoni, nenda.