Jezi na masweta ya vyuo vya Marekani kwa dada wa mitumba, sokoni Mtwara

Kama wewe ni mpenzi wa michezo ya vyuo vya Marekani na uko Mtwara mjini, huna haja ya kuagiza nguo Dar. Upande wa mitumba pale sokoni kuna dada mmoja anayetenga jezi, fulana na masweta ya kofia ya vyuo, wala hayachanganyi na nguo nyingine. Robota likifunguliwa anachambua mwenyewe, zenye vumbi anazifua, kisha anazitundika kwenye kamba kwa rangi. Ukipita tu anakuita: "Karibu njomba, wewe chuo chako kipi?" Swali hilo peke yake linaonyesha anakijua anachokiuza.

Safari hii nimechukua sweta la Michigan, bluu iliyokolea, herufi M ya njano kifuani. Ni la kampuni ya Champion, ile aina nzito ambayo kitambaa kimekatwa kwa kulazwa ubavu ili sweta lisifupike likifuliwa. Utalitambua kwa vipande vya kitambaa cha kuvutika vilivyoshonwa mbavuni, chini ya makwapa. Nimelipata kwa 12,000, mishono yote mizima, maandishi hayajapasuka hata kidogo. Kijana wa bodaboda anayetoka alfajiri mwezi wa saba, kusi inavuma, hahitaji koti juu yake.

Watu huniuliza nimeng'ang'ania nini kwa timu za wanafunzi. Basi tazama uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa hao Michigan, pale mji wa Ann Arbor: ulifunguliwa 1927 na unaingiza watu 107,601. Uwanja wetu wa Mkapa, tunaojivunia na una haki ya kujivuniwa, unaingiza 60,000. Ann Arbor yenyewe ina wakazi laki moja na ishirini hivi, kwa hiyo uwanja unakaribia kutosha mji mzima! Kamba ya rangi ya chungwa ni ya Tennessee, na uwanja wao wa Neyland uko Knoxville, kando kabisa ya mto. Mashabiki wengine huja kwa boti, wanazifunga ukingoni, wanapanda kwa miguu hadi getini. Sisi tunaovuka kwenda Msangamkuu raha hiyo tunaielewa. Na ukikuta zambarau na dhahabu ni LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mjini Baton Rouge. Mwaka 1988 walipoigeuzia timu ya chuo cha Auburn dakika za mwisho na kushinda 7–6, watu waliruka na kupiga kelele mpaka mashine ya kupimia matetemeko iliyokuwa hapo chuoni ikanasa mtikisiko.

Lakini nguo niliyoitafuta kuliko zote ni fulana ya Connecticut, yenye kichwa cha mbwa mweupe. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, mwenye urefu wa mita 2.21, aliichezea timu ya kikapu ya chuo hicho kuanzia 2006 hadi 2009. Aprili 2009 walifika nusu fainali ya taifa pale Detroit, ndani ya Ford Field, uwanja wa futiboli ya Kimarekani, na mechi hiyo ya kikapu ilitazamwa na watu zaidi ya elfu sabini ukumbini humo. Michigan State, chuo kingine na si wale Michigan wa sweta langu, wakawatoa kwa 82–73. Miezi michache baadaye Thabeet akachaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies kuingia NBA. Mimi nafundisha watoto kikapu hapa Mtwara, na ninataka wamjue huyu mtu, wajue alianza kurusha mpira nchi hii hii. Dada alipoipata fulana hiyo aliiweka pembeni, hakudai hata shilingi ya kutanguliza, akanipigia simu. Nililipa 5,000 na ningelipa zaidi.

Kwenye jezi, msimsumbue kuhusu jina mgongoni. Nimesikia wateja wakimwambia ni feki kwa kuwa zina namba tu. Si feki. Kabla ya Julai 2021 kanuni za michezo ya vyuo zilimzuia mwanafunzi kunufaika kibiashara na jina lake, ndiyo maana jezi zilizouzwa madukani wakati huo zilikuwa na namba bila jina. Nyingi zinazofika huku ni za miaka hiyo. Angalia badala yake namba zenyewe: zilizoshonwa kwa uzi zinadumu, zilizobandikwa hubanduka kwenye jua letu.

Kasoro zipo. Hakuna pa kujaribia, inabidi uvae juu ya shati lako katikati ya njia. Kupanga kwa rangi nako kuna ubaya wake, maana bluu ni nyingi mno: Michigan, Connecticut, Penn State, Duke, zote kamba moja, na lazima upekue moja moja. Korosho zikianza kulipwa bei nazo zinapanda, kwa hiyo nenda mapema, Agosti au Septemba. Msimu wa futiboli unakuwa ndio umeanza, na mechi ya saa sita mchana kule Michigan, huku ni saa moja usiku wa Jumamosi, muda mzuri kabisa wa kutazama.

Saizi za watoto bado hana. Nimemwomba, ameahidi kuniitia robota la watoto litakapofika. Ukinitangulia na ukakuta Connecticut ndogo kwenye ile kamba ya bluu, tafadhali iache. Nina wachezaji wa miaka kumi na mitatu wanaoisubiri.