Tochi ya Fenix PD36R kwenye ulinzi wa vizimba vya samaki: angalia mwangaza wa dakika ya kumi

Sisi tunaolinda vizimba vya samaki upande wa Usenge, kwenye Ziwa Victoria, tunahitaji tochi ya kukaa imewaka. Vizimba viko mbali na ufuo, na ngege wakishanona, wageni wa usiku huanza kusogea. Unamulika kamba, unamulika maboya, unatafuta wavu uliochanika, unaangalia kama kiboko yuko karibu na mtumbwi. Mwangaza ukififia katikati ya hayo, uko gizani na macho yameshazoea nuru. Hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na tochi kabisa.

Tochi niliyoikuta kazini ilikuwa imeandikwa ubavuni lumeni 50,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na betri yake ya saizi ya 18650 imeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Betri za aina hiyo, hata zile nzuri, nyingi huishia karibu mAh 3,500, kwa hivyo hiyo namba peke yake inatosha kukuambia kuwa maandishi yanadanganya. Ukiiwasha ilikuwa na mwanga mkali kweli. Baada ya dakika chache unamulika boya ulilokuwa ukiliona vizuri, na sasa unalikisia tu. Siku moja nilifungua kichwa chake. Kile kibao kinachobeba LED, yaani kile kitaa chenyewe, kilikaa juu ya bati jembamba, chini yake pamekuwa wazi, na gundi iliyokauka imekishika kwa pembeni. Joto lilikuwa halina pa kutokea.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Balbu ya zamani ilirusha joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hairushi hivyo, joto lake hubaki nyuma kwenye kibao, na lazima lipite kwenye chuma hadi nje ya mwili wa tochi, kisha lichukuliwe na hewa au mkono wako. Njia ikiwa mbaya, LED inachemka na mwanga wake unapungua, na ikiendelea hivyo inaungua mapema. Kwa sababu hiyo saketi ya tochi ya maana hupima joto yenyewe na kupunguza nguvu kabla mambo hayajaharibika.

Kikundi kilichanga tukanunua Fenix PD36R. Ina mwili wa aluminiamu, betri moja ya saizi ya 21700, kubwa kuliko 18650, yenye mAh 5,000, na upeo wa lumeni 1,600. Ukilinganisha na 50,000, mtu wa kando anaweza kukucheka. Lakini kilichonishawishi ni jedwali la mtengenezaji mwenyewe. Ngazi ya mwanga ya 1,600 imeandikiwa kuwaka kwa muda wa karibu saa 3, ya 800 kwa saa 3 na dakika 40 hivi. Piga hesabu hapo: mwanga maradufu ungepaswa kumaliza betri ndani ya nusu ya muda au chini yake. Kama haumalizi, basi ile 1,600 haikai. Inashuka, na jedwali limekuambia bila kuficha ukijua kulisoma.

Kanuni ya kupimia tochi inayotumiwa na kampuni nyingi, ANSI/PLATO FL1, inaruhusu hivyo. Lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hivyo tochi inaweza kutumia saa nyingi ikiwa dhaifu na boksi lisiwe limedanganya. Hata umbali, ambao kwa hii ni mita 283, unahesabiwa hadi pale mwanga unapobaki luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Mimi hugawanya kwa mbili, na hiyo nusu ndiyo ninayoitegemea nikitaka kutambua mtu au mtumbwi.

Niliipima nyumbani kabla ya kuipeleka ziwani, na ningeomba kila mnunuzi afanye hivi. Ingia chumba chenye giza, simamisha tochi ikielekea dari, weka simu mezani ikiwa na programu ya kupima luksi, na usiisogeze tena. Soma namba ukiwasha, soma tena baada ya dakika kumi, kisha baada ya nusu saa. Namba yenyewe haina maana kubwa, tazama imepungua kwa kiasi gani. Ya kwetu kwenye 1,600 ilishuka ndani ya dakika chache ikakaribia ile ngazi ya 800. Kwenye 800 ilipungua kidogo tu, ikatulia. Basi kwangu hii ni tochi ya lumeni 800 yenye akiba ya ghafla, na kwa hesabu hiyo nimeridhika nayo kabisa.

Watu huniuliza kwa nini inapata moto. Kichwa kikipata moto mkononi, hiyo ni dalili nzuri, maana joto linatoka. Ile ya zamani ilikuwa baridi kwa nje huku ndani LED ikiungua. Ziwani upepo unasaidia sana, inadumu na nguvu zaidi kuliko ndani ya nyumba. Usiifunge kwa kitambaa wala kuivalisha mpira wa baiskeli ili isichome, utakuwa umeifungia joto ndani.

Kinachonikera ni kitufe cha ubavuni. Ukikibonyeza kwa muda mrefu kidogo inaanza kuwaka na kuzima haraka haraka, na kwa vidole vilivyolowa ni rahisi kutokea, ukapoteza kabisa ulichokuwa ukikitazama. Kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji nacho lazima ukikague kila jioni kama kimekaa sawa kabla ya kupanda mtumbwini.

Bei yake ni ya juu kwa mlinzi mmoja kujinunulia. Kwa kikundi inawezekana, na ningeongeza betri ya pili ya 21700 kutoka duka linaloeleweka kabla ya kufikiria tochi ya pili. Betri inatoka na kubadilishwa gizani kwa kufungua mkia tu, na usiku wa stima kupotea ufuoni hilo limetufaa kuliko lumeni zozote za ziada.