Lenzi ya 50mm f/1.8 kwa picha za mbwa akicheza nje, nimeitumia miezi saba

Wadau nina mbwa mweusi tii anaitwa Simba, na wenye mbwa weusi mnaijua hii shida, unampiga picha na simu beach unapata doa jeusi lenye ulimi, macho huyaoni kabisa. Ndo kilichonifanya ninunue hii lenzi, iliyotumika, nikaifunga kwenye kamera yangu ya sensa ndogo (sensa ndo kile kipande cha ndani kinachonasa picha).

Kiukweli inavuta mwanga balaa. Ile lenzi ya zuum 18-55mm iliyokuja na kamera ukivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la lenzi linakuwa kubwa), hii f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi, kwa hiyo hata jua likiwa bado changa unapandisha kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, mpaka 1/1000 ya sekunde na miguu ya mbwa inaganda hewani. Mi naenda Coco Beach, Dar, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linatokea baharini, nakaa chini kabisa kwenye mchanga mgongo baharini halafu namrushia mpira huku kwangu, mwanga unampiga usoni. Kuna moja ametoka majini anajikung'uta, matone yamemzunguka masikio kama shanga na chembe za mchanga zimenata kwenye sharubu, nikiiangalia mpaka leo nafurahi. Ikifika saa tatu narudi home, jua likishapanda uso wake unajaa vivuli na yeye mwenyewe anahema tu.

Msiifungue yote f/1.8 mkiwa karibu jamani, jicho linatoka kali pua imefifia, wekeni f/2.8. Na mbwa mweusi kwenye mchanga mweupe kamera inadanganyika inapunguza mwanga, ongezeni eksposha (mwangaza wa picha) +0.7 hivi.

Shida yangu kubwa ni fokasi. Akipita kwa upande iko poa, ila akija mbio moja kwa moja inachelewa, katika picha kumi napata tatu nne, tena hapo nimeweka fokasi ya kufuatilia na pointi moja ya katikati. Pia haina zuum, akikukaribia ghafla unapata sikio na nusu ya kichwa, inabidi urudi nyuma mwenyewe.

Kama unataka mbio tupu, mbwa wanakimbizana uwanja mzima, tafuta lenzi ya zuum ya 70-200mm ujipange na hela. Ila kwa mbwa wako mmoja, mpira na asubuhi tulivu, chukua hii bila wasiwasi, nyota nne kati ya tano.